Mkono wa Kushoto

Wa kulia, anasema Tulizo, ni bwana harusi:
umesimama, umeshika fimbo, unatazamwa.
Unaovua ni wa kushoto.

Tupo bwawa la nyuma ya Lain Saba, Mufindi,
saa kumi na mbili na robo, mwezi wa saba,
umande umeganda juu ya majani ya chai
na mabuti niliyoazima yamenizidi namba mbili.
Nzi wetu ni manyoya ya shingo ya jogoo wa Mama Lwitiko,
yamefungwa kwa uzi mweusi kwenye ndoana
isiyofika urefu wa punje ya mchele.
Tulizo amemrusha mbali, kwenye trauti, kaniachia fimbo.
"Shangazi, sasa mvute kama yu hai."

Kwanza mshipi upite chini ya kidole cha shahada,
mkono wa fimbo. Hicho ndicho mlango.
Wa kushoto unavuta nyuma yake, shibiri moja,
kidole kinabana, mkono unarudi kushika upya,
kinalegea, unavuta.
Vuta. Bana. Rudi.
Nilivuta kama mtu anayeteka maji kisimani huku ametukanwa.
"Polepole. Huyo mdudu hajaiba kitu."

Kisha akanionyesha nane:
mshipi unalala kati ya gumba na shahada,
kiganja kinageuka, kidole cha mwisho kinauchota,
kinageuka tena, gumba linaupokea,
na kitanzi juu ya kitanzi vinajikusanya kiganjani
kama sufu nilipokuwa nikimkunjia mama
akifuma masweta ya kuuza Mafinga.
Hapo sikufundishwa. Mkono ulikumbuka
nilichokuwa nimekisahau mimi:
kwamba sufu ya kijani ilikuwa ikiwasha,
kwamba mama alihesabu kwa Kihehe, chini ya pumzi,
na akikosea alifumua akaanza upya bila kusonya.

Miaka ishirini na sita nimechuma chai.
Majani mawili na kichipukizi, gumba na shahada,
kilo juu ya kilo, hadi ngozi ikawa nyeusi isiyotakata kwa sabuni.
Sikujua vidole vingine vitatu vilikuwa likizo.
Leo cha mwisho kimeitwa kazini,
kinalalamika, baridi yabisi imo ndani yake,
kinakwenda.

Ipo na ya tatu, ya siku samaki wana hasira:
fimbo kwapani, mikono yote miwili inapokezana,
kushoto, kulia, kushoto, bila kituo,
kama kumkamua ng'ombe anayetaka kuondoka.
Nilicheka hadi nikakosa pumzi.
"Hii ningekufundisha mimi," nikamwambia.

Alikuja kwenye nane.
Si mshtuko, hapana. Uzito tu,
kama mtoto anapokushika gauni kwa nyuma sokoni
kukwambia yupo.
Kisha mshipi ukakimbia,
vitanzi vikaruka kiganjani kimoja kimoja,
na mimi, badala ya kulegeza mlango,
nikabana. Mchuma chai hubana.
Mshipi ukanichana shahada, ukatulia, mwepesi.
Nikaona ubavu, madoa, waridi kidogo, basi.
Tulizo hakusema kitu. Akafunga nzi mwingine.

Jumapili kanisani, mahubiri yako kwenye hoja ya tatu,
mke wa mchungaji ananitazama mapajani:
mkono wa kushoto umeshika kamba ya mkoba,
unageuka, unachota, unapokea,
umeshaikusanya karibu yote
na mkoba wenyewe unanijia taratibu juu ya benchi
kama kitu kilicho hai.
Sikuuzuia.

Jioni natia chumvi kwenye maharage.
Kidole kinauma pale palipochanika.
Nakibana. Nakilegeza.
Nakilegeza tena.